Njama ya Iringa 1897: Kwa nini Wajerumani walimuua mtawala waliyemsimika wenyewe?

Na Mwandishi Wetu, Iringa

DESEMBA 1896, katika kituo kipya cha kijeshi cha Wajerumani mjini Iringa, mtu mmoja alitangazwa mbele ya Wahehe kuwa ndiye mtawala wao. Jina lake Mpangile, mtoto wa Munyigumba na ndugu wa Mtwa Mkwawa, ambaye wakati huo alikuwa bado anapigana porini. Februari 1897, takriban miezi miwili baadaye, Mpangile aliuawa kwa amri ya Wajerumani wale wale waliomkabidhi madaraka.

Kosa aliloshitakiwa lilikuwa njama. Ilidaiwa kuwa mchana alikuwa mtawala wa serikali, na kwa siri alikuwa mshirika wa ndugu yake katika mashambulizi yaliyolenga kuwaua askari na watu wa serikali hiyo.

Je, njama hiyo ilikuwapo kweli? Na kama haikuwapo, kwa nini serikali ya kikoloni ilimuua mtu pekee ambaye ingeweza kumtumia kuwatuliza Wahehe? Habari za Mkwawa zinafundishwa shuleni na jina lake limepewa barabara na chuo, lakini mkasa wa ndugu yake hautajwi sana. Hata hivyo, ni mkasa unaoeleza vizuri kuliko mingine jinsi ukoloni ulivyojengwa katika Nyanda za Juu Kusini.

Kutoka Lugalo hadi Kalenga

Itakumbukwa kuwa Munyigumba ndiye aliyeziunganisha koo za Wahehe kuwa dola moja yenye nguvu kabla ya kufariki karibu mwaka 1879. Baada ya mapambano ya kugombea urithi, Mkwawa alishika utawala na kuupanua, akidhibiti sehemu ya njia za misafara iliyotoka pwani kwenda bara.

Agosti 17, 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye Waafrika walimpa jina la Nyundo, kilivamiwa na Wahehe huko Lugalo, mashariki mwa Iringa ya leo. Zelewski mwenyewe aliuawa pamoja na Wajerumani wenzake kadhaa na askari wengi. Bunduki zipatazo 300 na mizinga ziliangukia mikononi mwa Wahehe. Masimulizi kadhaa yanamtaja Mpangile kuwa miongoni mwa viongozi wa jeshi la Wahehe katika vita hivyo.

Kwa Berlin, Lugalo ilikuwa fedheha isiyosahaulika. Kwa Mkwawa ilikuwa onyo kwamba adui angerudi. Kazi ya kuimarisha makao yake makuu ya Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, iliendelea, na ukuta mkubwa wa mawe na udongo ukauzunguka mji. Ngome hiyo iliitwa Lipuli, jina ambalo wapenzi wa soka wanalifahamu kupitia klabu ya Lipuli ya Iringa.

Adui alirudi kweli. Oktoba 30, 1894, majeshi yaliyoongozwa na Gavana Friedrich von Schele yaliipiga Kalenga kwa mizinga, kisha yakaupanda ukuta na kuuteka mji. Miongoni mwa maofisa walioshiriki alikuwa Tom von Prince, mzaliwa wa Mauritius mwenye baba Mwingereza na mama Mjerumani, ambaye askari walimwita Bwana Sakarani.

Kalenga ilianguka, lakini Mkwawa hakukamatwa. Von Schele alirudi pwani, naye Mkwawa akaendelea kuwa Mtwa wa nchi yake. Kuuteka mji hakukuwa sawa na kuwatawala wenye mji.

Kituo kipya na mpango mpya

Ilipofika mwaka 1896 serikali ya kikoloni ilibadili mbinu. Badala ya kutuma msafara wa kupiga na kuondoka, ilimtuma Prince akajenge kituo cha kudumu. Alichagua uwanda wa juu, kilometa zipatazo 15 kutoka Kalenga. Jina Iringa, linalotokana na neno la Kihehe lilinga, yaani boma au ngome, likahamia huko. Wajerumani waliiita Kalenga Iringa ya Zamani, na kituo chao Iringa Mpya.

Mpango wa Prince ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwatumia maadui wa zamani wa Wahehe waliozizunguka mipaka yao. Merere wa Usangu, ambaye ukoo wake ulikuwa umefukuzwa na Wahehe na kuishi miaka mingi uhamishoni Usafwa, eneo la Mbeya ya leo, alisaidiwa kurudi Utengule ya Usangu. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, naye alikuwa upande wa Wajerumani.

Sehemu ya pili ilikuwa kuwagawa Wahehe wenyewe. Iwapo mtu wa damu ya Munyigumba angekubali kukalia kiti chini ya bendera ya Ujerumani, basi Mkwawa angebaki mkimbizi asiye na watu. Mpangile alipojisalimisha mwaka huo wa 1896, Prince aliona amempata mtu aliyemtafuta.

Kwa hiyo Mpangile alisimikwa. Hata hivyo, cheo alichopewa kilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza. Kwa Wahehe wengi, Mtwa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa porini, hai na mwenye silaha. Mamlaka ya Mpangile yalikomea pale yalipokomea macho ya askari wa kituo.

Tuhuma zatua mezani

Wajerumani walitarajia kuwa baada ya kusimikwa kwa Mpangile, vita vingepoa. Havikupoa. Wapiganaji wa Mkwawa waliendelea kuvizia doria za askari na watu waliotumikia kituo. Mkwawa mwenyewe hakuonekana, na kila alipotafutwa ilibainika kuwa ameondoka.

Hapo ndipo swali likazuka ndani ya boma: nani anampa habari? Nani anajua doria itapita wapi? Nani anawaambia wanavijiji waendelee kumpelekea Mkwawa chakula? Macho yakamgeukia Mpangile.

Alishutumiwa kuwa anashirikiana na ndugu yake kwa siri, na kwamba mashambulizi dhidi ya Wajerumani yalifanyika kwa msaada wake au kwa kujua kwake. Mwenye mamlaka ya kumshuku, kumchunguza na kumhukumu alikuwa mkuu wa kituo, ofisa ambaye yeye mwenyewe na watu wake ndio waliokuwa walengwa wa vita hivyo. Februari 1897 Mpangile aliuawa.

Mjini Iringa lipo eneo linaloitwa Kitanzini. Wenyeji husimulia kuwa jina hilo linatokana na kitanzi, kwa kuwa hapo ndipo Wajerumani walipowanyongea watu. Ni eneo la kawaida la maduka na pilikapilika, lakini jina lake limebeba kumbukumbu ya miaka ile.

Maelezo matatu

Mkasa huo unaweza kuelezwa kwa njia tatu, na kila moja ina uzito wake.

Kwanza, inawezekana kabisa kuwa njama ilikuwapo. Katika vita vya kuvizia, mtu anayekaa karibu na adui, anayesikia amri zikitolewa na anayejua njia za doria, ana thamani kuliko mamia ya mikuki. Kama Mpangile alikuwa kamanda wa kuaminika wa ndugu yake tangu enzi za Lugalo, si jambo la ajabu kwamba kujisalimisha kwake kungekuwa mbinu ya kivita. Kwa maelezo haya, Mpangile hakuwa msaliti wa Wahehe hata kidogo. Alikuwa askari aliyepangiwa mahali pa hatari zaidi kuliko wenzake, akagunduliwa kabla kazi haijaisha.

Pili, inawezekana kuwa Mpangile alikuwa amebanwa katikati tu. Alitakiwa kuwaamuru watu wasiomtii, na kuzuia mashambulizi ambayo hakuwa na uwezo wa kuyazuia. Mtawala wa namna hiyo akishindwa, waliomweka wana maelezo mawili: ama walikosea kumchagua, au yeye ana hila. Maelezo ya pili ni rahisi zaidi kwa mwenye madaraka. Udhaifu wa Mpangile ukasomwa kuwa ni usaliti.

Tatu, haiwezekani kuusahau ushindani wa wenyeji. Kituo cha Iringa kilizungukwa na wakalimani, wapelelezi, mateka na watawala jirani ambao kila mmoja alikuwa na hesabu zake. Kuanguka kwa mtu wa ukoo wa Munyigumba kulikuwa faida kwa waliowahi kuumizwa na ukoo huo. Katika mazingira ya namna hiyo, neno moja la fitina lililofika kwenye sikio sahihi liliweza kufanya kazi ya risasi.

Jambo moja ni dhahiri. Maelezo haya matatu hayaondoani. Mtu anaweza kuwa anamhurumia ndugu yake, hana nguvu ya kuwazuia wapiganaji, na wakati huo huo ana maadui wanaomsema vibaya kwa wakubwa.

Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani?

Ugumu mkubwa wa kuikata kesi hii unatokana na vyanzo vyake. Simulizi za maandishi zinazotegemewa zaidi zilitoka nyumba moja. Magdalene von Prince, mke wa mkuu wa kituo, aliishi Iringa na kuweka kumbukumbu za kila siku, ambazo zilichapishwa kuwa kitabu mjini Berlin mwaka 1903. Mumewe naye alichapisha kitabu chake kuhusu vita dhidi ya Waarabu na Wahehe mwaka 1914. Gavana Eduard von Liebert, aliyetembelea Uhehe kati ya Juni na Septemba 1897, aliandika kitabu kuhusu safari hiyo.

Kwa maneno mengine, habari za njama ya Mpangile zimehifadhiwa na upande uliomhukumu. Mtuhumiwa hakuacha waraka wake. Hilo halina maana kwamba kila kilichoandikwa ni uongo, kwa kuwa kumbukumbu za Magdalene zina mambo mengi ambayo bila yeye yangepotea. Lakini msomaji anayezisoma hana budi kukumbuka kuwa mwandishi alikuwa akiishi ndani ya boma lililozungukwa na vita, na hofu ya kuuawa ilikuwa sehemu ya kila siku yake. Mtu aliye katika hali hiyo huona njama hata pale penye ukimya.

Upande wa pili, masimulizi ya Wahehe yamempa nafasi kubwa Mkwawa, shujaa aliyekataa kujisalimisha. Katika simulizi ya namna hiyo, ndugu aliyekwenda kwa Wajerumani hana mahali pazuri pa kukaa. Akihesabiwa msaliti, kifo chake mikononi mwa Wajerumani hakielezeki. Akihesabiwa shujaa, kiti alichokubali kukalia kinahitaji maelezo. Ndiyo maana ni rahisi zaidi kumpita kimya.

Haikuwa Iringa pekee

Kesi ya Mpangile inaeleweka vizuri zaidi ikiwekwa pamoja na nyingine za miaka hiyo. Mwaka 1895, Hassan bin Omari, maarufu kwa jina la Makunganya, alinyongwa Kilwa baada ya mapambano na Wajerumani. Barua zilizokamatwa zilitumika kuwatia hatiani na watu wengine wa mji huo kwamba walishirikiana naye.

Machi 2, 1900, Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine 18 wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha. Shitaka lilikuwa lile lile: kupanga njama dhidi ya Wajerumani. Masimulizi ya Wachaga yanamtaja mpinzani wake, Mangi Marealle wa Marangu, kuwa ndiye aliyemshawishi ofisa wa Kijerumani kuamini kwamba njama ipo. Februari 27, 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea kwa makumi siku moja.

Katika kesi hizi, mlalamikaji, mpelelezi, hakimu na mwenye kamba walikuwa upande mmoja. Ushahidi ulipokuwapo ulitumika, na ulipokosekana shaka ilitosha. Kwa serikali yenye askari wachache katika nchi kubwa, kunyonga kiongozi hadharani kulikuwa njia ya kuongeza woga pale penye upungufu wa bunduki.

Si jambo la Afrika peke yake. Ujerumani yenyewe, Julai 20, 1944, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, baadhi ya maofisa wa jeshi walijaribu kumuua Adolf Hitler kwa bomu. Jaribio hilo lilishindwa, na utawala wake ukalitumia kukamata maelfu ya watu na kuua wengi, wakiwamo ambao hawakuhusika moja kwa moja. Njama iliyoshindwa, iwe ya kweli au ya kubuniwa, humpa mtawala aliyetishwa ruhusa ambayo hakuwa nayo jana yake.

Je, kifo cha Mpangile kilisaidia?

Kama lengo la kumuua Mpangile lilikuwa kukomesha vita, lilishindwa. Mkwawa aliendelea kupigana kwa miezi 17 zaidi. Wala Wajerumani hawakupata tena mtu wa ukoo huo wa kumweka mbele ya Wahehe. Yeyote mwenye akili aliona kilichompata wa kwanza: kiti cha Wajerumani hakikumlinda aliyekikalia.

Baada ya hapo ilibaki nguvu tupu. Vijiji vilivyodhaniwa kumsaidia Mkwawa vilichomwa, mifugo ilichukuliwa na chakula kuharibiwa. Njaa ikawa silaha. Zawadi ya rupia 5,000, fedha nyingi sana kwa wakati huo, ilitangazwa kwa atakayemleta Mkwawa au kichwa chake.

Julai 19, 1898, huko Mlambalasi, magharibi mwa Iringa, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe. Sajini Merkl, aliyekuwa akimfuatilia na askari wake, aliukuta mwili, na kichwa kikakatwa na kupelekwa kituoni. Fuvu likaenda Ujerumani.

Kilichofuata kinafahamika na wengi. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo, lakini miaka ikapita. Gavana wa Uingereza, Edward Twining, alilitafuta katika makumbusho ya Bremen, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.

Ni vyema kutambua kwamba Waingereza, walipochukua nchi, walifanya kile ambacho Wajerumani walijaribu na kukiharibu wenyewe mwaka 1897. Katika miaka ya 1920 walimrejesha Sapi, mtoto wa Mkwawa, katika utawala wa Wahehe, na wakatawala kupitia ukoo huo. Mpango wa Prince wa kumtumia mtu wa damu ya Munyigumba ulikuwa na mantiki kwa upande wa mkoloni. Kilichouvunja ni ukosefu wa imani: serikali iliyoingia kwa mtutu ilishindwa kumwamini mtu ambaye ndugu yake ilikuwa ikimwinda.

Prince mwenyewe aliacha jeshi, akawa mlowezi katika milima ya Usambara, ambako jina la Sakarani lipo hadi leo. Aliuawa Novemba 1914 katika vita vya Tanga, akipigana na majeshi yaliyotumwa na Uingereza.

Somo kwa wa leo

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea na kuomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliwafanyia wahenga wa Watanzania. Mwaka huo huo, uchunguzi wa vinasaba nchini Ujerumani uliwatambua ndugu walio hai wa baadhi ya watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa kutoka Kilimanjaro. Kesi zilizofungwa kwa kamba zaidi ya karne moja iliyopita zimeanza kufunguliwa tena, moja baada ya nyingine.

Kesi ya Mpangile inastahili kuwa miongoni mwa hizo. Haimpasi mtu kumtangaza shujaa wala msaliti kabla ya kuisoma. Inatosha kuanza kwa kutambua kuwa hukumu pekee iliyowahi kutolewa juu yake ilitolewa na adui yake, wakati wa vita, bila mahakama huru na bila neno lake kuandikwa.

Wanaofika Kalenga huonyeshwa fuvu la Mtwa aliyekataa kutawaliwa, na ni haki yake kukumbukwa. Lakini ukoo wa Munyigumba ulitoa wawili katika vita hivyo. Mmoja alikufa porini kwa mkono wake mwenyewe, akiwa huru. Mwingine aliuawa na watu waliomkalisha kwenye kiti, na kama alikuwa nao au dhidi yao, siri hiyo alikwenda nayo kaburini.